Fulusi za Wagiriki na Warumi: kukusanya sarafu za kale bila kuizika historia



Kila ninapomwonesha mtu sarafu zangu, swali la kwanza huwa, "Hii bei gani?" La pili, "Ya kweli hii?" Yote mawili ni maswali mazuri na ntayajibu. Lakini liko la tatu, ambalo hata wakusanyaji wa miaka mingi hulikwepa: imetoka wapi? Yaani ilifukuliwa wapi, na nani, lini, na ilikuwa pamoja na vitu gani. Nataka kueleza namna mtu wa kipato cha kawaida anavyoweza kukusanya sarafu za Wagiriki wa kale na za Bizanti, na kwa nini swali hilo la tatu linatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Fulusi tulizonazo mdomoni

Kabla hujanunua hata moja, jua kwamba sarafu hizi tunazo tayari kwenye lugha. Alioko Dubai ananunua mkate kwa dirhamu. Neno hilo asili yake ni drakma ya Wagiriki, likapita kwa Waajemi mpaka likafika kwa Waarabu. Alioko Kuwait au Bahrain anahesabu dinari na fils. Dinari ni denario ya Warumi. Fils, ambayo wingi wake kwa Kiarabu ni fulus, ni follis, sarafu ya shaba ya Bizanti, na sisi tukaipokea tukaiita fulusi. Hata karati ya sonara imetoka kwenye neno la Kigiriki keration, mbegu ya mti ilotumika kama kipimo cha uzito. Sarafu ya dhahabu ya Bizanti ilihesabiwa karati 24, na mpaka leo dhahabu safi tunaiita ya karati 24.

Kwa hivo mtu akikwambia mambo haya ni ya Wazungu, mwambie atoe fulusi mfukoni kwanza.

Sarafu za Wagiriki kwa ufupi

Sarafu za mwanzo za upande ule wa dunia zilifuliwa Lydia, magharibi ya Uturuki ya leo, katika karne ya 7 kabla ya Kristo (KK). Madini yake yalikuwa elektro, mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Kutoka hapo ufundi ukaenea kwenye miji ya Wagiriki, na kila mji ukafua sarafu zake zenye alama yake: kasa wa Aegina, farasi mwenye mabawa wa Corinth, bundi wa Athens. Sisi kwetu bundi ni ndege wa mkosi, lakini wao walimuona ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima.

Zilivyofuliwa ni rahisi kueleza. Fundi alichimba picha kinyume kwenye muhuri wa chuma au shaba ngumu, akaukaza kwenye fuawe. Juu yake akaweka kipande cha madini kilopimwa uzito, juu yake tena muhuri wa pili, akapiga nyundo. Kwa kuwa kila moja ilipigwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana sawasawa. Hii picha imekwenda pembeni, ile imepasuka ukingoni, nyengine imepigwa mara mbili picha ikatoka na kivuli. Hizo si kasoro za kukutia wasiwasi. Ukiona sarafu mbili "za kale" zinafanana mpaka kwenye mikwaruzo, hapo ndo pa kuwa na wasiwasi.

Vipimo vyao navyo vina utamu wake. Oboli ilitokana na jina la kijiti cha chuma cha kuchomea nyama, cha mshikaki hasa. Drakma maana yake ni konzi moja, na ndani yake zimo oboli sita. Drakma ya Athens ilikuwa na uzito wa takriban gramu 4.3 za fedha, na sarafu kubwa ya drakma nne, yaani tetradrakma, takriban gramu 17.2. Fedha hiyo ilichimbwa Laurion, kusini mwa Athens. Mwaka 483 KK walipopata mshipa mkubwa, Waathens waliamua fedha ile wasigawane mifukoni ila wajengee majahazi ya vita. Mwaka 480 KK majahazi hayo yaliwashinda Waajemi Salamis. Kwa hivo ukimshika bundi mkononi, umeshika siasa na vita vya watu wale.

Baadaye akaja Alexander wa Makedonia, alotawala 336 hadi 323 KK. Sarafu zake za fedha zina kichwa cha Herakles aliyevaa ngozi ya simba, na nyuma Zeus amekaa kwenye kiti. Watu waliziamini hata miji mingine ikaendelea kuzifua kwa jina lake zaidi ya karne mbili baada ya yeye kufa. Majemadari wake waligawana milki, na Misri ikaangukia kwa ukoo wa Ptolemy, ambao ulifua vipande vikubwa vya shaba vyenye picha ya tai. Hao tai wa Ptolemy msiwasahau, watarudi tukifika pwani yetu.

Na msidhani Kigiriki kilibaki Ulaya tu. Wafalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea ya leo, walianza kufua sarafu zao mwishoni mwa karne ya 3, na zile za dhahabu waliziandika kwa Kigiriki, kwa sababu ndiyo lugha ya biashara ya Bahari ya Sham wakati huo.

Mwenye kuanza asikimbilie tetradrakma. Sarafu ndogo za shaba za miji ya Wagiriki hupatikana kwa bei ya chakula cha watu wawili mkahawani, na zina habari nyingi sawa na hizo kubwa.

Kusoma follis kwa hesabu ya abjadi

Mimi binafsi moyo wangu uko kwa Bizanti. Jina hilo ni letu wa leo. Wao walijiita Warumi, na Waarabu waliwaita Rum, kama tunavyosoma kwenye Surat ar-Rum. Mji wao mkuu ulikuwa Constantinople, Istanbul ya leo, mpaka ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453.

Sarafu yao ya dhahabu, solido, ilianzishwa na Constantine mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ilitoa solido 72, kila moja takriban gramu 4.5, na usafi wake ulikaa karibu vilevile mpaka karne ya 11. Ni miaka 700 hiyo. Sijui sarafu gani ya leo itathubutu kuahidi miaka 70. Lakini solido moja bei yake inaanzia mamia ya pauni, kwa hivo wengi wetu tutaziangalia makumbusho. Za shaba ndizo saizi yetu. Follis ilochakaa kidogo hapa Uingereza hupatikana kwa pauni kumi na kitu mpaka thelathini.

Na uzuri wa follis ni kwamba inajieleza yenyewe. Mwaka 498 Mfalme Anastasius I alizipanga upya sarafu za shaba na kuziandika thamani yake kwa herufi kubwa katikati ya upande wa nyuma. M ni 40, K ni 20, I ni 10, E ni 5, zote zikihesabiwa kwa numi, kisarafu kidogo kabisa. Alosoma hesabu ya abjadi atasimama hapa: mim ni 40, kaf ni 20, ya ni 10, ha ni 5. Ni zilezile! Sababu ni kwamba herufi za Kigiriki na za Kiarabu asili yake ni moja, alfabeti ya Wafoinike, na hesabu imefuata mpango wa zamani wa herufi hizo. Alexandria walikuwa na sarafu yao peke yao iloandikwa IB. Mwenye abjadi hahitaji kamusi: ya na ba, 10 na 2, ni 12.

Tuchukue mfano. Una follis kubwa ya Justinian, alotawala 527 hadi 565. Mbele kuna mfalme anakutazama usoni, mkononi ameshika tufe lenye msalaba. Geuza. Katikati pana M kubwa, kwa hivo ni numi 40. Kushoto pameandikwa ANNO kutoka juu kwenda chini, neno la Kilatini la mwaka. Kulia pana XII, mwaka wa 12 wa utawala wake, yaani 538 au 539. Chini pana CON, imefuliwa Constantinople. Katikati ya miguu ya M kuna herufi ndogo, tuseme gama ya Kigiriki, ambayo ni 3, ikionesha ni karakana ya tatu kati ya tano zilizokuwa mjini. Kabla ya mwaka huo wa 12 hawakuwa wakitia tarehe kwenye follis. Sasa niambieni, sarafu gani ya leo inakwambia mpaka karakana ilotoka?

Chini ukiona NIK ni Nicomedia, KYZ ni Cyzicus, KART ni Carthage katika Tunisia ya leo. Ukiona THEUP ni Antioch. Mji huo ulipigwa na mtetemeko wa ardhi mwaka 528, ukapewa jina jipya la Theoupolis, mji wa Mungu, labda wapate salama.

Follis za mwaka wa 12 wa Justinian ni kubwa, nyingi zinapita gramu 20. Kuanzia 542 zinaanza kupungua, na hiyo ndiyo miaka ya tauni kubwa ilopiga Constantinople. Ukizipanga mezani kwa miaka, unaiona dola inavyokonda bila kufungua kitabu.

Sarafu za Herekali

Mfalme ambaye sisi Waswahili tuna haki naye ni Heraclius, alotawala 610 hadi 641. Wazee wetu walimwita Herekali. Utendi wa Tambuka, ulotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, ni habari za vita baina ya Waislamu na huyu huyu. Wengi tumemsikia kwenye utenzi kabla ya kumsoma skuli. Basi sura yake ipo, na kwa pauni ishirini unaweza kuishika.

Sarafu zake zinasema hali ilokuwepo. Waajemi waliiteka Jerusalem mwaka 614, na Misri ikafuata. Mwaka 615 ikatoka sarafu mpya ya fedha, nzito, yenye maandishi ya Kilatini yanayosema: Mungu wasaidie Warumi. Fikiria serikali inaandika dua kwenye pesa! Miaka hiyo vyombo vya dhahabu na fedha vya makanisa viliyeyushwa kulipia vita. Kwenye shaba ni dhiki tupu. Badala ya kutengeneza vipande vipya, walichukua sarafu kuukuu za wafalme walopita, nyengine wakazikata vipande, wakazipiga muhuri mpya juu ya ule wa zamani. Ukiigeuza polepole penye mwanga wa taa unaona herufi za zamani zinachungulia chini ya ndevu ndefu za Herekali. Follis ilokuwa gramu 11 au 12 anapoanza kutawala, mwishoni ni gramu 5 au 6. Alikuja kuwashinda Waajemi mwaka 628, lakini 636 kwenye Yarmuk jeshi lake likavunjwa na Waislamu, na Sham ikatoka mkononi mwake.

Hapa wengine huniuliza kama inafaa Muislamu kuweka sarafu zenye misalaba na sura za wafalme. Mimi sitoi fatwa, naeleza historia tu. Waislamu walipoichukua Sham waliendelea kutumia sarafu hizohizo, kisha wakafua za kwao zenye sura ya mfalme vilevile. Iko moja ya Homs nnaipenda sana. Ina maandishi ya Kigiriki na Kiarabu pamoja, upande mmoja pameandikwa kalon, upande mwengine tayyib, na maneno yote mawili maana yake ni nzuri, yaani pesa hii safi, ipokee. Mpaka mwaka 77 wa Hijra, sawa na 696 au 697, ndipo Khalifa Abd al-Malik alipotoa dinari isiyo na picha, maandishi matupu. Kwa miaka zaidi ya sitini, basi, watu wa Sham walinunua mkate kwa pesa yenye msalaba.

Ya kweli hii?

Za bandia zipo nyingi na ni za zamani pia. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, alofariki 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Inasimuliwa kwamba alikuwa akizitia sarafu zake mpya kwenye sanduku lenye vumbi la chuma ndani ya gari lake la farasi, zisuguane njiani mpaka zionekane nzee. Leo wapo wanaotumia mashine, na kazi yao ni ngumu kugundua kwa macho.

Hata hivo za ovyo unaweza kuzikamata mwenyewe. Chukua mizani ndogo ya sonara. Tetradrakma ya Athens yenye gramu 14 ina kesi ya kujibu. Tazama ukingoni: mshono unaozunguka ni dalili kwamba imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa nyundo. Tazama uso wake kwa lenzi: vitundu vidogo vidogo kama vya chila ni hewa ya kumiminia. Herufi zikiwa laini kama sabuni ilotumika, jihadhari. Na usinunue kwa mtu wa barabarani kwenye magofu, akuapie vyovyote. Ikiwa ya bandia umeibiwa, na ikiwa ya kweli umeshirikiana na mwizi.

Ukishainunua, tafadhali usiisugue! Sisi tumezoea kung'arisha sinia za shaba kwa ndimu na majivu, ila sarafu ya kale ukiitia ndimu umeiua. Ile rangi ya kijani au kahawia ilokaza ni ngozi yake, inailinda. Kama imeshika udongo, iloweke kwenye maji yalosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ubadilishe kila baada ya siku chache, na uwe na subira. Ukiona vidoa vya kijani kibichi vya unga vinavyorudi kila ukivifuta, hayo ni maradhi ya shaba, yanasababishwa na chumvi na unyevu. Iweke mbali na nyengine, mahali pakavu. Vifuko vya plastiki laini yenye harufu viepuke pia, vinatoa kemikali zinazokula madini. Bahasha ya karatasi nzuri inatosha.

Imetoka wapi?

Sasa tufike penyewe. Mwaka 1984 zilipatikana hazina mbili za sarafu, kila moja pwani yake.

Ya kwanza karibu na Elmalı, kusini mwa Uturuki. Watu wenye kifaa cha kutafutia madini walichimbua takriban sarafu 1,900 za fedha za karne ya 5 KK, zikiwemo dekadrakma za Athens, drakma kumi kwenye sarafu moja, ambazo duniani zilikuwa za kuhesabu. Zikatoroshwa, zikagawanywa, zikauzwa Ulaya na Marekani. Sehemu kubwa ilinunuliwa na tajiri mmoja wa Marekani na washirika wake. Uturuki ilifungua kesi, na mwaka 1999 zikarudishwa. Sarafu zilirudi, lakini shimo lenyewe halikuchimbwa na mtu wa elimu. Zilizikwaje, pembeni palikuwa na nini, nyengine zilotawanyika ni zipi: majibu hayo hayakurudi pamoja nazo.

Ya pili ni kwetu Pemba, Mtambwe Mkuu. Wanaakiolojia wakiongozwa na Mark Horton walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Zile za fedha ni ndogo sana, nyepesi kama gamba la samaki, zina majina ya watawala wa hapahapa, na maandishi ya upande mmoja yanakubaliana vina na ya upande wa pili. Pesa yenye vina, jamani, nani kama sisi! Kwa kuwa zilikutwa pamoja na dinari zenye tarehe na zikaandikwa kila kitu mahali pake, ikajulikana kwamba ni za karne ya 11. Kabla ya hapo watafiti wengine walikuwa wakiiweka mwanzo wa sarafu za Ali bin al-Hasan wa Kilwa karibu na mwaka 1200. Mtambwe ikarudisha nyuma kufua sarafu kwenye pwani yetu kwa zaidi ya karne moja. Lau zile sarafu angeziokota mtu akaziuza moja moja Mombasa au London, leo zingekuwa vigamba vya fedha visivyo na kauli.

Nao tai wa Ptolemy? Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza mmoja, Haywood, alisema amepata sarafu Bur Gao, kwenye pwani ya Wabajuni kusini mwa Somalia, mahali Waingereza walipopaita Port Durnford. Zilipokuja kuandikwa kitaalamu mwaka 1932 zilikuwemo za Ptolemy, za Rumi, na nyengine za Misri ya Kiislamu, zimechanganyika. Hebu fikiria maana yake kama ni kweli! Ingekuwa ushahidi wa mkononi wa ile biashara ya kale ya pwani yetu inayotajwa kwenye vitabu vya Wagiriki. Lakini hakuna aloona shimo zaidi ya yeye. Neville Chittick alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuona kitu cha umri huo. Wataalamu wengi sasa wanashuku kwamba ni mkusanyo wa kununuliwa tu, pengine Misri, uloletwa baadaye. Inawezekana ni kweli zimetoka pale, inawezekana si kweli. Sarafu zile hatuwezi kuzitumia kujenga hoja hata moja, na kosa halimo kwenye sarafu. Kilichokosekana ni maandishi ya siku zilipotoka ardhini.

Ndiyo maana nasema swali la tatu ni letu. Mkulima wa Uturuki au Syria anaefukua usiku anafukua kwa sababu kuna mnunuzi asiyeuliza. Mnunuzi huyo anaweza kuwa mimi au wewe, na siku nyengine magofu yenyewe yakawa Kilwa, Manda au Tumbatu.

Mambo ya kushika

Nimeshamuuliza muuzaji mmoja asili ya follis akanijibu, "Mkusanyo wa zamani," basi, akanyamaza. Jibu hilo mtalisikia sana. Halitoshi. Ulizeni mkusanyo wa nani, tangu mwaka gani, na kuna risiti, picha au katalogi ya mnada wa zamani? Mwaka unaotazamwa sana ni 1970, wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali ya utamaduni. Sarafu iloandikwa kwenye mnada wa 1965 ni ghali zaidi kidogo, na usingizi wake ni mtamu zaidi.

Sheria nazo zimekazwa. Marekani inazuia kuingizwa sarafu za kale za aina fulani bila hati, za Cyprus tangu 2007, za Ugiriki tangu 2011, na za Uturuki tangu 2021. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya kuingiza vitu vya kale ambayo imeanza kutumika kamili Juni 2025. Msione ni maneno ya karatasi tu. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, ya kukumbuka kuuawa kwa Kaisari, iliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya dola milioni 4. Hati za asili yake zilikuwa za uongo. Mkuu wa kampuni ya mnada alikamatwa New York Januari 2023, na sarafu ikarudishwa Ugiriki Machi 2023.

Mlioko Uingereza na Wales, ukiokota kitu shambani upo mpango wa kuandikisha vitu vilookotwa tangu 1997, na ofisa wake hatakunyang'anya, ataandika mahali. Vitu vya hazina tu ndivyo vyenye sheria yake ya 1996. Na mkienda nyumbani likizo, msirudi na vigae na visarafu vya magofuni mfukoni. Kuvitoa bila kibali ni kosa, na kubwa zaidi, unaondoka na ukurasa wa kitabu ambacho hakijasomwa. Akikuletea kijana wa kijijini, mwambie akuoneshe mahali, piga picha, mpeleke kwa watu wa mambo ya kale.

Kisha jueni kwamba kukusanya si lazima kumiliki. Alioko Birmingham aende Barber Institute, wana mkusanyo mkubwa wa Bizanti. Oxford kuna Ashmolean, London kuna British Museum, Washington kuna Dumbarton Oaks. Athens kuna makumbusho ya sarafu peke yake, ndani ya nyumba alojenga Schliemann, yule mchimbaji wa Troy. Na American Numismatic Society ya New York wameweka picha na maelezo ya maelfu ya sarafu kwenye intaneti, bure.

Mimi nnazo chache tu, nyingi za shaba, na kila moja ina kibahasha chake. Juu ya kibahasha naandika uzito, mfalme, mji, mwaka, nimenunua kwa nani na yeye aliipata wapi. Mstari wa mwisho ndio naoujaza kwanza, na ukiwa mtupu sinunui. Mwenye kutaka kuanza na follis ya Herekali anijulishe, ntamsaidia kuisoma, madhali ana cha kuandika kwenye mstari huo.